Saumu na Tope la Ndiva

Ninyi vijana mtakaosoma maneno haya, tulieni kwanza. Kama unasomea kwenye simu, usirukeruke ukatafuta mwisho. Mimi niliishia darasa la nne, na ninaandika kama ninavyosema. Ukikuta neno limekaa upande, likalishe vizuri mwenyewe uendelee. Habari yenyewe usiiguse.

Juzi nilishuka Same kupimwa macho. Nilipomaliza nikapita sokoni kutafuta chumvi, na kwenye meza ya kijana mmoja nikaona vitunguu saumu vimetiwa kwenye vifuko vya wavu, vyeupe kama meno ya mtoto, vyote umbo moja. Nikashika kimoja nikanusa. Kimya. Nikakikwaruza kwa ukucha, nikanusa tena, ndipo kikatoa harufu kidogo, kama mtu anayetaja jina lake huku anaona haya.

"Shikamoo bibi," kijana akasema. "Hiyo ya nje hiyo. Haina udongo, haina usumbufu."

"Marahaba. Saumu isiyo na usumbufu mimi sijaizoea."

Akacheka. Mimi sikucheka. Njia nzima ya kurudi mlimani nilikuwa nanusa ukucha wangu, na kabla hatujafika Mamba nilikuwa nimesharudi utotoni.

Kwetu ni juu zaidi ya Mamba, kule ambako gari linakuacha na miguu inapokea. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani, tunaamka nguo zina unyevu. Kazi zilikuwa zinajulikana bila kuulizana. Mimi nilikuwa wa majani ya mbuzi na ng'ombe, maana kwetu mifugo haitembei, inakaa bandani na wewe ndiye unayetembea. Wadogo zangu wawili, wasichana wote, walikuwa wa maji na kuni. Makande yalibandikwa asubuhi yakachemka polepole, na mtu akipita barabarani anajua kwa harufu kama nyumba hiyo leo ina maharage au ina mahindi matupu.

Miaka hiyo mahindi matupu yalikuwa mengi. Ninyi mmesikia tu watu wakisema "wakati wa shida". Sisi shida tuliijua kwa majina. Sabuni ilikuwa inapangiwa foleni kwenye duka la ushirika, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha, basi tukafulia majivu. Mafuta ya taa hayakuwepo, tukala tukiangaliwa na moto wa mafiga. Chai tuliinywa na maji ya muwa. Ulikuja unga wa njano wa msaada, tukauita Yanga, na watoto wa upande wa Simba nao waliula bila kubagua.

Shamba letu lilikuwa dogo, limebandikwa ubavuni mwa mlima kama kiraka. Lilikuwa la kahawa. Lakini kahawa ilikuwa imeingiwa na chulebuni, ule ugonjwa unaozigeuza buni nyeusi zikiwa bado changa, halafu zinadondoka. Dawa iliyokuwa ikiletwa na ushirika iliacha kuja. Baba alikuwa chini tambarare, anakata mkonge pamoja na watu wa kila mkoa, na yeye ndiye aliyekuwa akituletea kitu kidogo. Shamba la mkonge likapunguza watu. Wengine waliambiwa wabaki, yeye akarudi na godoro limekunjwa begani na kifua kinachokohoa.

Hakukaa siku nyingi akatamka neno lililotunyima raha. "Msimu mmoja," alisema. "Tukikosa chakula msimu huu, tunashuka wote. Kambini nikipata nafuu watanirudisha kazini, na ninyi mtafanya vibarua."

Kambi tuliijua kwa masimulizi yake. Chumba kimoja, joto, maji ya bomba yanayokuja yakitaka, na mkonge mpaka macho yachoke. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa karibu na moto na blanketi lake. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi huko mtanishusha nikiwa nimelala chali." 

Sasa, juu ya mafiga ya bibi kulikuwa na msuko wa vitunguu saumu, umekuwa mweusi kwa moshi. Alikuwa akiotesha vichache nyuma ya jiko kwa ajili ya dawa. Mtoto wa jirani akikohoa, wanakuja kuomba. Mtu akiumwa tumbo, wanakuja kuomba. Mama alikuwa anaangalia watu wanaingia na kutoka, siku moja akaweka mwiko chini akasema, "Kitu kinachoombwa kila siku kinaweza kuuzwa."

"Unataka tule harufu?" baba akamuuliza.

"Kahawa tunakula nini? Hata harufu haina."

Na hapo ndipo lilipoanzia shamba letu la saumu. Mama alipogoa mibuni mpaka ikabaki visiki, akatengeneza matuta katikati yake. Jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka bonde, akasimama ukingoni akauliza, "Mama, unamzika nani?" Mama akamjibu, "Kahawa. Karibu matanga."

Mara ya kwanza tulishindwa, na ninawaambia kwa nini ili msishindwe hivyo. Mama alikuwa na haraka. Alizoa samadi ya mbuzi ikiwa mbichi, bado ina moto wa bandani, akaijaza kwenye matuta akidhani wingi ndio baraka. Majani yalitoka hayo, mazito, ya kijani kibichi, yanafika magotini. Tukafurahi tukapita kanisani vichwa juu. Tulipong'oa, chini hakukuwa na kitu. Vijikichwa kama punje za njegere. Jirani akaja kushuhudia, akaliita bonde zima: "Njooni muone, hawa wameotesha nyasi zisizonunua hata kibiriti!" Kuanzia siku hiyo mama aliitwa Mama Majani, na baba akatuongezea msimu mmoja tu, wa mwisho.

Bibi alikuwa anajua tangu mwanzo, ila hakuulizwa. Ndivyo alivyokuwa. Alisema, "Samadi mbichi ni moto usio na moshi," halafu akainuka na fimbo yake kutuonyesha. Tulifanya lundo: samadi ya mbuzi, majivu, maganda ya maharage, majani ya alizeti mwitu tuliyoyakata kando ya njia mpaka mikono ikawa michungu. Tukafunika kwa majani ya mgomba. Kila mara bibi alichomeka fimbo katikati ya lundo, akaichomoa na kuishika. Ikitoka ya moto, tunageuza lundo tunangoja. Siku ilipotoka baridi kama pua ya mbwa, akasema, "Haya. Sasa haiumi."

Mbegu zilizobaki zilikuwa ni ule msuko wa jikoni tu. Nje ya hapo hatukuwa na mbegu nyingine na hatukuwa na pa kuipata. Mama aliuteremsha wote. Tukatenganisha punje, ndogo tukazila, kubwa tukazipanda, na bibi akawa anapita nyuma yetu: "Kichwa juu, makalio chini, kama mtu anavyokaa. Wewe, huyo umemsimamisha kwa kichwa!" Tukatandaza majani makavu ya mgomba juu ya matuta. Wadudu walipotokea, mama alitwanga pilipili kali, akachanganya na mkojo wa ng'ombe na majivu, tukanyunyiza kwa mfagio. Shuleni watoto wakawa hawataki kukaa nasi dawati moja. Mimi nilifurahi, nikakaa kwa nafasi.

Siku hizi wanakuja watu na magari wanatuita semina, wanasema kilimo hai. Neno zuri, silikatai. Sisi hatukuwa na neno, tulikuwa na mbuzi.

Basi saumu ikakaa vizuri. Safari hii majani yalikuwa membamba, magumu, ya rangi ya moshi. Lakini masika yakakatika mapema, na saumu inataka maji wakati ule inapoanza kujaza kichwa. Ikikosa maji hapo, umekwisha. Na kwetu maji ya shamba ni ya ndiva.

Kwa wale msiojua: ndiva ni bwawa la mawe na udongo walilolichimba wazee wa wazee wetu. Maji ya chemchemi yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mifereji kila nyumba kwa zamu yake. Zamu hainunuliwi. Inapopigwa pembe ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kila nyumba inatoa mwanamume wa kwenda kuchimba tope la ndiva. Nyumba isiyotoa mtu inachukuliwa chombo jikoni, na zamu yake anapewa mwingine.

Pembe ilipigwa baba akiwa kitandani, kifua kimembana hata kuongea hawezi. Hakwenda. Mchana wakaja wanaume wa msaragambo, miguu imejaa tope, wakaingia jikoni wakainua sufuria yetu kubwa kutoka kwenye mafiga. Ilikuwa na makande yanachemka.

Bibi aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumuona. Akasimama mlangoni na fimbo. "Sufuria ni ya msaragambo, sikatai, ni sheria. Maharage ni yangu. Mimina!"

"Tumimine wapi, mama?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mwizi, huna chombo?"

Walikuwa wamesimama na sufuria inayowaunguza mikono, mmoja anacheka, mwingine anamwomba asicheke. Mwisho bibi akaleta ungo, akatandika jani la mgomba, wakamimina. Tukala makande kwenye ungo kama kuku, na baba akiwa kitandani nikamsikia anacheka na kukohoa pamoja. Lakini mama hakucheka. Sufuria haikumuuma. Alikuwa anafikiria zamu.

Alikwenda kwa mzee wa maji, yule mwenye dhamana ya kufungua na kuziba ndiva. Mimi nilimfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kukomboa sufuria?"

"Sufuria kaa nayo. Nimekuja kuuliza pembe inapigwa lini tena."

"Ya nini? Mumeo ni mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa."

Mzee akatema mate pembeni, akasema maji ni ya chakula, hayawezi kupotezwa kwenye viungo, na tena jambo hili ni la wanaume. Mama hakubishana. Alijua msaragambo haujaisha, kulikuwa na upande mmoja wa ndiva ambao bado haujachimbwa. Akamuaga mzee kwa heshima zote, tukarudi nyumbani, na jioni ile ile akanoa jembe.

Pembe ilipolia, tulikuwa tumeshavaa. Mama mbele, mimi nyuma yake, wadogo zangu na vikapu. Wanawake wengine walikuwepo ndivani, lakini wao walibeba mawe na kupika, hakuna aliyekanyaga ndani. Ilikuwa ikisemwa kwamba mwanamke akiingia ndiva, maji yanakimbia. Mama akavua kandambili, akapandisha kanga akaifunga magotini, akaingia.

Wanaume wakaacha kuchimba. Mmoja akasema, "Nyumba ya Mama Majani leo imeleta jeshi la sketi." Wakacheka. Mwingine, mtu mzima, akamwambia kwa ukali, "Toka humo, dada. Maji yatakimbia."

"Yakimbie yaende wapi?" mama akamwambia. "Tangu nikiwa mtoto nayabeba kichwani kila siku. Yangekuwa yananiogopa, wewe ungekuwa umeoga lini?"

Sasa wakacheka wanawake, na wakacheka kweli, sufuria zikaachwa. Mzee wa maji akafika na mti wake wa kupimia. Kila nyumba inapimiwa sehemu yake ya tope kwa ule mti. Akatuangalia, akapima sehemu ya kwetu pale kwenye tundu la kutolea maji, mahali ambapo tope ni refu kuliko kwingine kote. Hata wanaume walikuwa wanapakimbia.  Mama akainua jembe. Akachimba.

Tope la ndiva ni baridi, linanuka majani yaliyooza na vyura, na linashika mguu kama mdai aliyekuona. Mama alichimba, mimi nikajaza, wadogo zangu wakabeba mpaka ukingoni. Kila ukitoa, jingine linateremka linajaza shimo. Nililia kidogo, machozi hayakuonekana kwa sababu uso wote ulikuwa tope. Wanaume walimaliza sehemu zao wakaosha miguu, wakakaa ukingoni kunywa dengelua, pombe yetu ya muwa, wakitungojea tushindwe. Bibi akaja amejikokota na fimbo, akakaa kati yao bila kukaribishwa. Kila mdogo wangu akipita na kikapu, anamwambia kwa sauti ili wote wasikie, "Tembea polepole mwanangu, waliokaa watachoka kukutazama."

Jirani yetu, yule wa sauti, ndiye aliyeinuka kwanza. Aliweka jiwe lake chini, akaingia ndani ya ndiva na gauni lake, akashika kikapu. Hakusema neno, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Jua likiwa linaelekea nyuma ya mlima tuligonga mawe ya chini, yale waliyoyapanga wazee. Mama akayagonga mara mbili kwa jembe ili mzee wa maji asikie.

Mzee akaja akaangalia. Akasema huku anatazama kwingine, "Zamu ni ya nyumba iliyochimba." Halafu akaagiza sufuria yetu iletwe.

Lakini mama alikuwa na swali bado. "Mzee, hili tope mnalipeleka wapi?"

"Tope ni tope. Linabaki hapo."

"Basi nipe."

"Chukua lote. Chukua na vyura."

Mnafikiri alikuwa anatania? Tulilibeba. Kila siku tukitoka kukata majani, tunapitia ndivani tunarudi na tope kichwani. Lilikuwa ni majani ya msitu yaliyolala ndani ya maji, limeoza likalainika, jeusi, halina moto hata kidogo. Tukalipaka kwenye matuta, pembeni mwa saumu, juu tukarudisha majani makavu. Watu walipita wakatikisa vichwa. Tulikuwa tumeshazoea kutikisiwa vichwa.

Siku ya zamu yetu nilikaa kwenye mfereji tangu alfajiri. Kwanza unasikia kama mtu anakunja karatasi kwa mbali. Hayo ni maji yanasukuma majani makavu mbele yake. Halafu linatokea povu, halafu maji yenyewe, ya rangi ya chai. Nikapiga kelele. Mama akatoka mbio na jembe. Na nyuma yake akatoka baba, amejitanda blanketi, mtu ambaye tulikuwa tunamlisha kitandani. Akashuka mpaka kwenye tuta la kwanza, akafungua mlango wa maji kwa mguu, akasimama hapo maji yanapita katikati ya vidole vyake. Hakuna aliyemwambia arudi ndani.

Saumu ilijaza. Majani yalipoanza kuwa ya njano tukaacha kumwagilia, na tulipong'oa, kila kichwa kilijaa kiganja, ngozi ya zambarau, na harufu iliyokwenda mpaka kanisani. Mzee wa maji alikuja kuona, akasema harufu hii itafukuza hata nyoka, akaondoka na vichwa kadhaa mfukoni. Jirani akaomba mbegu. Mama akampa, akamwambia, "Ukikosea, nitaliita bonde." Tukasuka misuko tukaining'iniza kivulini, nyumba nzima ikawa inanukia.

Nao wakati ukawa unageuka. Ilikuja ruksa, ya mtu kuuza mali yake bila kibali. Kabla ya hapo ukishuka na gunia unaulizwa kwenye kizuizi limetoka wapi na linakwenda wapi, kana kwamba umeiba kwenye shamba lako mwenyewe. Sasa wafanyabiashara wakapanda wenyewe mpaka barabara inapoishia, wanaita kwa honi. Ruksa ilileta sabuni, ikaleta na bei, ikaondoa na mbolea ya bei nafuu, wale waliokuwa wameizoea wakalia. Sisi hatukulia. Hatukuwa tumeizoea. Na neno la kushuka kambini baba hakulitamka tena. Bibi alizikwa juu, kwenye baridi yake, kama alivyotaka. Baba naye alizikwa juu. Mama pia, karibu na matuta.

Watu wananihurumia kwamba sikusoma. Huruma hiyo mpeni anayeitaka. Mimi ninaumia kwa mengine. Pembe haipigwi siku hizi, wanatuma ujumbe kwenye simu. Sauti ya jirani imezimika, bonde halina wa kuliita. Mawe ya chini ya ndiva sijayaona kwa miaka, kwa sababu tope limepanda, nyasi zimeota juu yake, ng'ombe mmoja alionekana amesimama katikati anakula. Maji yanayofika kwangu siku ya zamu hayalowanishi hata tuta la tatu. Kila mtu anasema maji yamepungua, mvua zimebadilika. Inawezekana. Lakini tope sijaona mvua ikilileta usiku na kulimwaga kwa makusudi. Tope ni la watu wasiokwenda.

Niliporudi kutoka Same nikaambiwa msaragambo ni Jumamosi. Nikauliza nani anakwenda kutoka nyumba yangu. Mwanangu akasema, "Mama, usijali, nimeshatuma hela ya kibarua kwa simu. Siku hizi ndivyo wote wanavyofanya." Mke wake akatazama chini. Wajukuu, wale waliokuja likizo, wakaendelea na mambo yao.

Ndipo nikawaita wote waje jikoni, wakasimama, maana sikuwapa viti, nikawaambia hivi. Jumamosi nyumba hii haimtumi kibarua, inakwenda yenyewe. Wanaume sepetu, wanawake majembe, watoto vikapu, na wewe mjukuu wa viatu vyeupe vivue uviache hapa. Mtaomba mpimiwe pale kwenye tundu, penye tope refu, na tope mtakalotoa lote mtalileta nyumbani kichwani, mlipake kwenye matuta ya saumu. Mimi nitakaa ukingoni. Na atakayebaki kitandani siku hiyo, akiniona jioni asinipe shikamoo, kwa sababu sitaitikia.